Damu ya Kuazima

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeonewa! Naandika nikiwa na hasira, mwandiko umepinda, lakini naandika.

Chama chetu cha wauza spea hapa Gerezani kila mwaka kinamtuma mtu mmoja Guangzhou akachague mzigo kwa niaba ya wote. Mwaka huu ni zamu yangu. Kila mtu anajua. Nimeshanunua begi la magurudumu. Leo kikaoni mwenyekiti wetu Mama Nice, muuza beringi, kasimama na kutangaza kwamba mwaka huu haendi mtu bila kupimwa damu. Sababu ni mzee Twaha. Mwaka jana alianguka ghalani kulekule China, moyo, Wachina wakambeba kwa toroli la mizigo. Nampa pole mzee Twaha. Lakini mimi na moyo wa mzee Twaha tunahusiana wapi?

Na wala si kupima malaria. Ni vipimo vya mishipa. Mama Nice kaeleza kwamba mshipa wa damu una utando kwa ndani, na utando huo ukiumia unaacha alama kwenye damu. Daktari anazisoma, anajua kama moyo wako utafika Guangzhou na kurudi. Umbea mtupu! Nimesemwa na mashemeji, nimesemwa na majirani, sasa nikasemwe na damu yangu mwenyewe?

Ansbert alipiga makofi. Huyu ana duka la shokapu linalotazamana na langu, na kila asubuhi anakimbia mpaka Kivukoni na kurudi amevaa bukta. Baba mzima wa familia, na bukta! Mama Nice akamalizia: Hashimu akishindwa vipimo, ataenda Ansbert. Hapo ndipo nilipoyaelewa yale makofi.

Jumanne, 6 Mei

Nimeamka na akili.

Nimeuza spea tangu sijaota ndevu, najua jambo moja kuhusu ukaguzi. Mkaguzi hakagui injini. Anakagua injini ilivyo siku hiyo. Pistoni kuukuu tunaichemsha na sabuni ya unga, tunaisugua na petroli, tunaipulizia rangi ya fedha, tunaitia kwenye boksi jipya. Mteja anaipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Gari bovu la kuuza? Mwaga oili chafu, tia oili nzito, injini itanguruma kwa adabu mpaka mteja afike kwake. Sasa mwili una tofauti gani? Vipimo ni Ijumaa. Kinachotakiwa ni kusafisha mfumo kabla ya Ijumaa.

Nikaenda Kariakoo kwa mama mmoja anayeuza dawa za asili pembeni ya soko. Nikamwambia nataka kitu cha kuosha mishipa. Akanichanganyia kitunguu saumu, tangawizi, mlonge, siki na vitu vingine ambavyo hakuvitaja na mimi sikuuliza. Akasema kijiko kimoja asubuhi, kwa mwezi mzima. Mwezi! Huo ni utaratibu wa watu wenye nafasi. Nimekunywa chupa yote nikiwa nimesimama palepale. Mama yule alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumatano, 7 Mei

Nipo nyumbani. Sitaandika nilipokuwa tangu alfajiri.

Mke wangu Sitara hana huruma. Nilimwambia ni chakula cha jana. Akasema chakula cha jana alikula na yeye. Kisha akasimama nje ya mlango wa choo akipiga simu, akamweleza binti yetu Husna aliyeolewa Morogoro, kwa sauti ya kusikika mpaka huko Morogoro bila simu, kwamba baba yake anaosha mishipa.

Mchana Ansbert kanitumia ujumbe wa pole. Nani kamwambia? Akaongeza kwamba mazoezi ya asubuhi yanasaidia sana.  Sina nguvu ya kushika simu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimerudi dukani mwepesi, mnyonge, lakini mwenye mpango.

Asubuhi Abdulkadiri kapita na birika lake la kahawa, vikombe vinalia mkononi. Nimemtazama kama ninayemwona leo. Abdulkadiri ni mwembamba kama fimbo ya bendera. Kutwa anatembea, Gerezani, Kariakoo, Gerezani tena. Hana tumbo hata la kusingiziwa. Sala tano, funga ya Jumatatu na Alhamisi, pombe hajui hata harufu yake. Kama kuna damu safi ndani ya jiji hili inatembea humo mwilini mwake! Na kule kwenye kituo cha vipimo nani ananijua? Watauliza jina, watachoma sindano, basi.

Anavuta sigara, ni kweli. Lakini anavutia nje, hewani.

Nikamvuta nyuma ya maboksi nikamweleza. Alikataa. Akasema, "Kaka Hashimu, huo si uongo?" Nikamwambia uongo unatoka mdomoni, na hii inatoka mkononi. Akafikiri. Nikamwahidi gunia la mkaa wa jiko lake, tena nitamletea mpaka kwake. Akasema kwa kuwa ni mimi, na kwa kuwa watoto wake wanasoma na watoto wa ndugu yangu, atajitolea. Mtu mwema sana yule.

Ijumaa, 9 Mei

Imekwenda vizuri mno!

Abdulkadiri kaenda asubuhi bila kula kitu, na kanzu yake ya Ijumaa. Mimi nilijibanza kwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara nikala supu na chapati kwa niaba yake. Akatoka ameshika pamba kwenye mkono, akasema kijana wa maabara anaitwa Steven, ana mkono mwepesi, kamwita mzee Hashimu kwa heshima zote. Nikamkabidhi gunia la mkaa. Kalibeba begani mwenyewe, bajaji hakutaka.

Ansbert naye kapima leo. Kaja na bukta. Kwenye kupima damu!

Jumatatu, 12 Mei

Sijawahi kudhalilishwa namna hii tangu nizaliwe.

Nilikwenda kuchukua majibu kwa mwendo wa mshindi. Daktari mwenyewe ni binti, Dokta Waridi, hampiti sana Husna wangu kwa umri. Alinipa shikamoo nzuri, nikaitikia marahaba, nikakaa, nikakunja nne. Akafungua majibu. Akayasoma mara mbili. Halafu akaanza.

Kasema utando wa ndani ya mshipa ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kazi yake ni kuufanya mshipa uwe laini, utanuke na kusinyaa, damu iteleze. Sukari, moshi na mafuta mabaya vikiuchubua, unavimba, unanata, mafuta yanaganda juu yake, na siku moja njia inaziba. Alama zote za uharibifu huo anaziona kwenye damu hii. Kolesteroli mbaya iko juu. Protini ya uvimbe iko juu. Kitu kinaitwa homosistini, kiko juu. Sukari iko juu. Kila kitu kiko juu! Ingekuwa ni ghorofa ningepewa hongera.

Nikamwambia lazima kuna makosa. Akanitazama tumbo, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, akasema yeye hakushangaa hata kidogo. HAKUSHANGAA! Tumbo langu limeingiaje hapa? Damu si yake! Na siwezi kusema!

Akauliza navuta sigara ngapi kwa siku. Nikajibu kweli tupu, kwamba sijawahi kuvuta sigara maishani. Akaandika. Nimeona kwa macho yangu alichoandika. Kaandika: "Anakana."

Nikamweleza kwa lugha ya kazi yangu kwamba hozipaipu ikiwa nzima unaijua kwa kuitazama. Akasema hapana mzee wangu, kuna hozipaipu inayong'aa nje na kwa ndani imechanika. Hapo nikatazama viatu vyangu, maana nimewahi kuziuza.

Akataka anipime umeme wa moyo palepale. Nikaruka kutoka kitini. Moyo huo ungekuwa wangu! Nikasema nina mteja ananisubiri. Akanipa vidonge, akasema safari ya ndege nisahau, na nisibebe mizigo mizito, na maumivu yoyote ya kifua nikimbilie hospitali bila kuuliza mtu.

Nimetembea mpaka dukani nikiwa nimevimba kwa hasira. Mimi! Hashimu wa Gerezani, niliyewauzia nusu ya mafundi wa jiji hili pistoni za kupaka rangi! Nimeuziwa kuukuu kwenye boksi jipya!

Jumanne, 13 Mei

Nilikusudia kumgombeza Abdulkadiri. Nilimsubiri tangu asubuhi. Nilipanga maneno: mtu gani anakubali kutoa damu bila kutahadharisha kwamba damu yenyewe ni mbovu? Ni utapeli!

Akaja. Nikamtazama tena, safari hii kwa macho ya mnunuzi aliyekwisha kulizwa. Sigara mdomoni. Akaizima, akamhudumia mteja, akawasha nyingine. Kahawa yake mwenyewe anaitia sukari mpaka kijiko kinasimama. Chakula chake cha mchana ni kashata, tena zile zilizovunjika asizoweza kuuza. Alipofika kwangu aliweka birika chini, akashika kifua kidogo, akasema ni uchovu, lile gunia la mkaa lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

Maneno ya kumgombeza nikayaacha. Nimenunua kahawa, nikanunua tena, ili mradi asimame kidogo apumzike. Sasa silali kwa kahawa, na nina vidonge vya watu mfukoni.

Nikimwambia, itajulikana. Ikijulikana, safari imekwenda na Ansbert. Nimemwambia Mama Nice majibu bado. Kama kuna mlango wa kupita hapa, mimi nitauona.

Jumatano, 14 Mei

Nimejaribu njia ya ndoto. Nikamwambia Abdulkadiri nimemwota babu yake akisema aache sigara na akapime moyo. Akauliza babu yupi. Nikasema wa upande wa baba. Akasema huyo yupo hai, yuko kisiwani Mafia, jana wameongea kwa simu.

Njia ya pili. Nikafikiri, kwa nini nisimpe tu vidonge? Nitie kimoja kwenye andazi, ale, apone, asijue, mambo yaishe. Nikaenda nyumbani kuchukua andazi.

Nikakuta kilio. Kilio cha msiba! Sitara alikuwa anafua suruali yangu ya jana, akakuta vidonge na karatasi ya majibu yenye jina langu. Amekaa chini sebuleni, majirani wamemzunguka, mmoja ameshaanza kuhamisha makochi. Husna yuko stendi Morogoro. Ndugu zangu wa Mbagala wameshapanda gari. Sitara aliponiona akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu siku ya ndoa, akasema nimsamehe kwa yote, hata la chooni.

Naapa nilitamani liendelee kidogo. Lakini shemeji yangu alishaulizia mchele. Nikamvuta Sitara chumbani nikamweleza ukweli.

Machozi yalikauka hapohapo. Kikafuata kiatu. Akasema, "Baba Husna, una wazimu?" Akaniuliza kama najua baba yake Abdulkadiri alikufaje. Sikujua. Alianguka akinywa chai. Na kaka yake mkubwa? Alianguka msikitini, wala hakuwa mzee. Mtaa mzima unajua ila mimi. Na mtu kama huyo mimi nimemtwisha gunia la mkaa, sasa nataka kumwekea dawa kwenye andazi kama panya. Akasema kesho nimpeleke kwa daktari kwa miguu yangu mwenyewe, la sivyo atakwenda yeye kwa Mama Nice.

Nilimjibu kwamba hata mimi nilikuwa na mpango huo. 

Nina hofu. Naiandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Nimewaza kama asubuhi asipopita na birika lake.

Alhamisi, 15 Mei

Kapita. Sijawahi kufurahi kusikia vikombe vikilia namna ile.

Nikamwambia vaa kanzu twende, nitakueleza njiani. Nilimweleza kwenye bajaji. Hakukasirika! Alitazama nje, akauliza kama watoto wake watahitaji kupimwa pia. Nikasema sijui. Akaweka sigara zake kwenye kiti cha bajaji, na aliposhuka hakuzichukua.

Nilikuwa na mpango safi. Abdulkadiri angeingia kama Abdulkadiri, mgonjwa mpya, nisiyemjua. Lakini Steven wa maabara alikuwa mlangoni. Akasema kwa furaha, "Mzee Hashimu! Karibu tena!" Akimwambia Abdulkadiri. Na Abdulkadiri, ambaye ukweli wake siku zote unawagharimu wengine, akajibu mbele ya benchi zima la wagonjwa kwamba yeye si Hashimu, Hashimu ni yule pale aliyejificha nyuma ya mlango, ila damu ndiyo ilikuwa ya Hashimu kwa siku ile moja.

Dokta Waridi alitoka. Shikamoo safari hii sikuipata. Alisema kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu, kwamba kwa sababu yangu mgonjwa amekaa siku zote hizi bila dawa, na dawa zimekaa kwenye suruali ya mtu ambaye hata hajulikani anaumwa nini. Akampima Abdulkadiri umeme wa moyo, akapiga simu, na gari la wagonjwa likaja kumchukua kwenda hospitali kubwa. Kasema inaelekea njia moja ya moyo imebakiza uwazi mdogo sana, na gunia jingine la mkaa lingemmaliza.

Kisha akanigeukia, akasema nikunje mkono wa shati. Nikasema nimeshakunywa chai. Akasema kuna vipimo ambavyo chai haiviharibu. Nikasema na chapati. Na supu. Na kwamba nimeacha duka wazi. Niliondoka kwa heshima, ingawa kwa kasi.

Wakati wanampandisha kwenye gari Abdulkadiri alinishika mkono. Akasema, "Kaka Hashimu, umeniokoa."   Nilijisikia vibaya mpaka nikashindwa kula chakula cha mchana. Nilikula baadaye.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeangamizwa na shukrani!

Abdulkadiri, akiwa kitandani hospitali, katuma sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. Ndefu. Anamshukuru Mungu, anawashukuru madaktari, na anamshukuru Kaka Hashimu ambaye kama asingemtuma kutoa damu kwa jina lake, leo angekuwa anasomewa Yasini. Kaeleza kila kitu. Mpaka chapati za mgahawani. Na mwisho akaniombea dua, na kundi zima likaandika amina.

Mama Nice kaitisha kikao. Ansbert ndiye anakwenda Guangzhou. Damu yake, kasema, ni kama ya kijana. Nikasimama nikadai haki yangu: majibu yale si yangu, kwa hiyo sijashindwa, kwa hiyo zamu ni yangu! Mama Nice akasema kweli kabisa, Hashimu, hujashindwa, nenda kapime sasa hivi, tunakusubiri hapa hapa, Ansbert hana haraka.

Nikasema ni suala la heshima, na siwezi kupimwa na watu walioniandika kwamba nakana.

Walicheka. Wote. Hata mzee Twaha, na mkono juu ya moyo wake. Halafu Ansbert kaja dukani kwangu kuniomba begi la magurudumu. Nimempa, kwa sababu Sitara alikuwa anatazama.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Sijaandika siku nyingi. Hakukuwa na kitu cha kuandika ila mafanikio ya wengine.

Ansbert karudi na mzigo mzuri. Sitausema zaidi. Abdulkadiri karudi na birika lake, kanenepa kidogo, kaacha sigara, kahawa anakunywa chungu. Wamemwekea kitu kwenye mshipa, anatembea bila kushika kifua. Alipima damu tena wiki hii na zile alama zote zimeshuka, akanionyesha karatasi kama mtoto aliyefaulu darasa la saba. Nilifurahi. Nilifurahi kweli, jicho likaniwasha, nikasema ni vumbi la breki.

Halafu akaharibu. Akasema, "Na wewe Kaka, nenda." Kila siku anasema. Sitara anasema. Husna anapiga simu kutoka Morogoro kusema. Juzi nilinyanyua boksi la injini, kifua kikabana kidogo, nikakaa chini, na Ansbert akatoka mbio ng'ambo kuniletea maji. Ni gesi! Mtu haruhusiwi kuwa na gesi katika mji huu?

Sasa Sitara kanipangia vipimo Jumatatu, kwenye kituo kingine, huko Kivukoni, ambako hawanijui. Kasema atanisindikiza mpaka mlangoni, ndani nitaingia mwenyewe. Mlangoni tu! Hapo ndipo alipokosea.

Nimekaa nimetafakari kosa langu la Mei, na nimeligundua. Nilimchagua mtu mwembamba. Wembamba ni wadanganyifu, huwezi kujua kuna nini ndani. Jumatatu namtuma Bryson, yule mchoma nyama wa karibu na gereji. Mtu mnene, anacheka kutwa, mashavu yanang'aa, hana cha kuficha. Atapitia mlango wa nyuma. Nimeshamwambia asile chochote tangu Jumapili jioni, na amekubali, ingawa kwa uchungu.

Ila kaniuliza swali la kijinga. Kauliza kwa nini nisiende mwenyewe.

Niende mwenyewe? Halafu wakinikuta na kitu?